Maswali ya Wasomaji: Utando wa Seli, Chumvi na Maji Yanayofuata

Barua za toleo hili zimetoka Kigoma na Tabora, na zote zinagusa jambo moja: utando wa seli, yaani ile ngozi nyembamba inayoizunguka kila seli, pamoja na vitu vinavyopita humo. Tumezifupisha bila kubadili swali.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mwalimu wetu huchora utando wa seli kama mistari miwili yenye madoa katikati, halafu anasema utando ni wa majimaji. Kama ni majimaji, mbona seli haimwagiki? Na watu walijuaje kwamba kuna tabaka mbili, wakati kwa hadubini ya shule hatuoni kitu?
Mwanafunzi wa kidato cha tano, Tabora mjini

JIBU: Marahaba. Hadubini yenu haina kosa. Utando una unene wa nanomita 7 hadi 10 tu. Tando elfu kumi zikipandanishwa ndipo unapata unene unaokaribia wa unywele mmoja.

Tabaka hizo mbili ni za fosfolipidi. Kila molekuli ya fosfolipidi ina kichwa chenye fosfeti, ambacho hupenda maji, na mikia miwili ya asidi za mafuta, ambayo huyakimbia. Zikiwa ndani ya maji hujipanga zenyewe: vichwa vinaelekea nje pande zote mbili, mikia inajificha katikati. Hakuna gundi inayozishika. Molekuli hizo zinatelezateleza ndani ya tabaka lake muda wote, ila kuchomoka kabisa maana yake ni mikia kuingia majini, na hilo halifanyiki kirahisi. Kwa hiyo utando ni majimaji ukiutazama kwa upana wake, lakini haumwagiki.

Ulegevu wake hutegemea mikia. Mikia iliyonyooka hulala imebanana. Iliyopinda, kwa sababu ya kaboni zilizoungana kwa kifungo maradufu, huachiana nafasi. Wanaotumia mawese wanaliona hili asubuhi ya baridi: karibu nusu ya asidi zake za mafuta zimenyooka, kwa hiyo yanaganda chupani, huku mafuta ya alizeti yaliyo kwenye rafu hiyohiyo yakimiminika bila taabu. Seli za wanyama huongeza kolesteroli katikati ya mikia, nayo huzuia utando usilegee mno joto likipanda wala usikakamae baridi ikizidi. Fangasi hawana kolesteroli, wana ergosteroli. Dawa kama klotrimazoli huzuia kutengenezwa kwa ergosteroli, ndiyo maana humdhoofisha fangasi wa kwenye vidole na kuiacha ngozi yako salama.

Habari ya tabaka mbili ilianza Uholanzi mwaka 1925. Watafiti Gorter na Grendel walitoa mafuta yote ya tando za seli nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakakuta yanafunika eneo karibu maradufu ya uso wa seli zenyewe. Jibu lilikuwa sahihi, ingawa hesabu yao ilikuwa na makosa mawili: mafuta hayakutoka yote, na uso wa seli waliukadiria kuwa mdogo kuliko ulivyo. Makosa yakafutana! Mwaka 1970 Frye na Edidin waliunganisha seli ya panya na ya binadamu, wakazitia protini za kila upande rangi yake. Katika nyuzi 37 za Selsiasi, ndani ya dakika 40 hivi rangi zilikuwa zimechanganyika. Kwenye baridi zilibaki zilipo. Hapo ikaonekana kwamba hata protini zinatembea. Mwaka 1972 Singer na Nicolson wakaandika muundo mnaofundishwa sasa: mafuta yanayotiririka, na protini zimetapakaa ndani yake.

Sasa hayo "madoa". Oksijeni na kaboni dioksaidi ni molekuli ndogo zisizo na chaji, zinapenya mafuta bila kuomba njia. Ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, kama za sodiamu, potasiamu na kloridi, hazipenyi, kwa sababu chaji na mafuta havipatani. Glukosi ni kubwa na inapenda maji, nayo inakwama. Hivi vinahitaji protini, na hapa wanafunzi wengi hupoteza maksi kwa kuziita zote jina moja. Kuna protini za mfereji, ambazo zina tundu: kitu kinapita kwa kasi, kutoka kilipo kingi kwenda kilipo kichache. Akwaporini, mfereji wa maji uliompa Peter Agre Tuzo ya Nobel mwaka 2003, hupitisha molekuli za maji bilioni tatu hivi kwa sekunde na kuzuia ioni. Kuna protini za kubeba: hushika molekuli, hugeuka umbo, huiachia upande wa pili. Na kuna pampu, ambazo hula ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, ili kusukuma kitu kutoka kilipo kichache kwenda kilipo kingi. Pampu ya sodiamu na potasiamu, aliyoigundua Skou wa Denmark mwaka 1957, hutoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 kwa kila ATP moja. Kwa kazi hiyo sodiamu ndani ya seli hubaki milimoli (kipimo cha wingi wa chembe) 10 hadi 15 kwa lita, nje ikiwa 140 hivi. Shika tofauti hiyo ya namba, kwa sababu jibu linalofuata linaitegemea.

SWALI: Habari za kazi, ndugu wahariri. Mtoto akiharisha tunaambiwa tumpe ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji. Mimi nashangaa kuona ndani kuna sukari. Chumvi naielewa, inarudisha iliyopotea. Sukari ya nini? Na je, soda haitoshi, maana ndiyo anayoikubali?
Mama wa watoto wawili, Kasulu

JIBU: Mama, sukari ndiyo inayoiingiza chumvi. Bila hiyo chumvi inapita tumboni na kutoka nje, tena inaweza kuondoka na maji zaidi.

Seli za utumbo mwembamba zina protini ya kubeba iitwayo SGLT1. Haibebi sodiamu peke yake wala glukosi peke yake: inachukua sodiamu 2 na glukosi 1 kwa pamoja. Kinachoivuta sodiamu kuingia ni ule upungufu uliotengenezwa na pampu ndani ya seli. Sodiamu na glukosi zikishavuka, maji yanazifuata kwa osmosisi, kwa kuwa maji huelekea penye vitu vingi vilivyoyeyuka. Utaratibu huu ulielezwa na Robert Crane mwaka 1960.

Kwenye kipindupindu ndipo uzuri wake unapoonekana. Sumu ya bakteria wake huongeza ndani ya seli kemikali ya ishara iitwayo cAMP, nayo inafungua mifereji ya kloridi na kuiacha wazi. Kloridi inamwagika kwenye utumbo, sodiamu inaifuata, maji yanafuata vyote viwili, hadi lita nyingi kwa siku. Lakini sumu hiyo haiigusi SGLT1. Mlango wa kutoka umekwama wazi, wa kuingilia bado mzima, na ORS hupita hapohapo. Kipindupindu kilipozuka kijijini Kagunga, mkoani Kigoma, mwaka 2015, wakati wa wimbi la wakimbizi kutoka Burundi, kazi ilikuwa hiyohiyo: kurudisha maji na chumvi upesi kuliko yanavyotoka.

Mchanganyiko unaotumika tangu 2002 una, kwa lita moja ya maji, gramu 13.5 za glukosi, 2.6 za chumvi ya kawaida, 1.5 za potasiamu kloridi na 2.9 za sitrati ya sodiamu. Jumla ni gramu 20.5. Sodiamu na glukosi zote zinakuwa milimoli 75 kwa lita, na myeyuko wote uko chini kidogo ya ukali wa damu, yaani wingi wa vitu vilivyoyeyuka humo, ili maji yawe na mwelekeo wa kuingia mwilini.

Makosa huanzia kwenye chupa. Pakiti ya lita moja ikimiminwa kwenye chupa ya nusu lita, ukali unakuwa maradufu, maji yanavutwa kutoka mwilini kwenda utumboni, na kuhara kunazidi. Soma pakiti kwanza, kwa sababu zipo za ujazo tofauti. Chemsha maji kabla, yaache yapoe, ndipo uchanganye. Usichemshe baada ya kuchanganya. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwage. Mtoto chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, wa miaka 2 hadi 10 mililita 100 hadi 200, kidogokidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Anayenyonya aendelee kunyonya. Zinki nayo isisahaulike: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto wa chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14.

Pakiti zikikosekana kabisa: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, nacho kisawazishwe. Onja, kisiwe na chumvi kuliko machozi. Chumvi ikizidi ni hatari zaidi kuliko sukari kuzidi, kwa sababu sodiamu ya ziada kwenye damu huvuta maji kutoka seli za ubongo.

Soda, hapana. Nyingi zina karibu gramu 100 za sukari kwa lita na sodiamu kiduchu. Hiyo ni kuvuta maji upande usiotakiwa. Na mtoto mwenye macho yaliyozama, ambaye ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi taratibu, asiyeweza kunywa, au anayeharisha damu, mpeleke kituo cha afya bila kusubiri ORS ifanye kazi, huku ukimnywesha njiani kama anaweza kumeza.

SWALI: Kwa nini dripu inatiwa chumvi? Si maji safi tu yangetosha?
Msomaji, Nzega

JIBU: Maji matupu yakiingia moja kwa moja kwenye mshipa, seli nyekundu zilizo karibu zinayavuta, zinavimba, zinapasuka. Hazina ukuta mgumu kama wa mmea wa kuzizuia. Dripu ya kawaida ina gramu 9 za chumvi kwa lita, yaani asilimia 0.9, ukali unaokaribia sana ule wa damu, na seli hubaki na umbo lake.

SWALI: Wahariri, tunachumvia migebuka na sangala hapa. Wakati mwingine juu samaki amekauka vizuri kabisa, ukimpasua ndani ananuka. Na safari nyingine anaota wekundu. Chumvi tunaweka ya kutosha. Tatizo ni nini?
Mchuuzi wa samaki, Kibirizi, Kigoma

JIBU: Ndugu yetu, "ya kutosha" tungependa uipime. Kwa kuchumvia bila maji, kilo moja ya chumvi kwa kilo tatu za samaki aliyekwisha kusafishwa ni kipimo kinachofanya kazi. Lakini kunuka ndani mara nyingi hakutokani na uchache wa chumvi. Kunatokana na chumvi kutofika.

Samaki akifa, ATP yake inaisha ndani ya saa chache. Pampu za seli zinasimama na tando zinaanza kuvuja. Kuanzia hapo chumvi inaingia kwenye nyama kwa kusambaa tu, polepole, na muda unakua haraka kuliko unene: minofu yenye unene maradufu huhitaji takriban mara nne ya muda, siyo mara mbili. Mgebuka mwembamba uliopasuliwa unaweza kuwa tayari kwa siku moja au mbili. Sangala mnene wa kuchanwa mgongo tu atakuwa ameanza kuoza kwenye mfupa kabla chumvi haijamfikia. Mfungue wazi, mchane chale kwenye sehemu nene, toa damu yote ya kwenye uti wa mgongo, paka chumvi ndani ya kila chale.

Angalia na punje za chumvi. Chumvi laini sana hunyonya maji ya juu kwa kasi, protini za nje zinaganda, na tabaka hilo linaizuia chumvi nyingine kupenya. Hapo ndipo unapopata samaki mgumu nje na mbichi ndani. Ya punje kubwa, au mchanganyiko wa punje kubwa na ndogo, ni bora. Pangeni ngozi chini, nyama juu, na maji yanayotoka yaondoke.

Bakteria wa kuozesha wao bado wako hai, na osmosisi ndiyo inayowasimamisha: chumvi ndani ya nyama ikikaribia asilimia 10, maji yanatoka kwenye seli zao, utando unajivuta kutoka kwenye ukuta, na wengi wanashindwa kuzaliana.

Wekundu ni habari nyingine kabisa. Unaletwa na viumbe wapenda chumvi, kama Halobacterium, wanaokuja na chumvi yenyewe, hasa ile iliyoanikwa juani. Wao hujaza potasiamu nyingi ndani ya seli ili walingane na ukali wa nje, kwa hiyo kuongeza chumvi ni kuwafurahisha. Udhaifu wao uko kwenye maji yasiyo na chumvi: chumvi ikipungua ghafla, seli zao zinapasuka. Mabeseni, mbao na visu vioshwe kwa maji yasiyo na chumvi kisha vikauke juani. Usirudie chumvi iliyokwisha kutumika. Ni ubahili unaokula faida yote. Na samaki akaushwe vizuri, akae penye hewa na ubaridi, maana hao wekundu hupenda joto na unyevu.

SWALI: Niliweka mbolea kwenye mahindi machanga, siku chache baadaye kingo za majani zikakauka kama zimeunguzwa na moto, na udongo ulikuwa na unyevu. Mbolea ilikuwa mbovu?
Mkulima wa tumbaku na mahindi, Urambo

JIBU: Inaelekea mbolea ilikuwa nzima, ila ilikaa karibu mno na mizizi. Mzizi huvuta maji kwa sababu ndani yake kuna vitu vingi vilivyoyeyuka kuliko kwenye udongo. Konzi ya mbolea kama NPK au CAN ikiyeyukia pembeni yake, hali inageuka, na maji yanatoka kwenye mzizi kwenda udongoni. Unyevu upo, ila mmea hauupati. Kwa urea kuna la ziada: ikivunjika hutoa amonia, molekuli ndogo isiyo na chaji, inayopenya utando bila kuhitaji protini yoyote na kuidhuru seli kutoka ndani.

Mbolea ya kupandia iwe sentimita 5 pembeni ya mbegu na sentimita 5 chini, ikitengwa na udongo. Ya kukuzia isiguse shina. Iweke sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye shina, uifukie, udongo ukiwa na unyevu. Ukishtuka mapema, mwagilia maji mengi ili chumvi ishuke chini. Jani lililokauka halirudi, mmea unaweza kurudi.

Ila msifikiri maji mengi ni dawa siku zote. Shamba likituama, mizizi inakosa oksijeni, ATP inapungua, pampu za kuvuta madini zinadorora, na mahindi yanakuwa manjano yakiwa yamezungukwa na mbolea.

SWALI: Ninafundisha baiolojia shule isiyo na vifaa vya kutosha. Nipeni zoezi la osmosisi linalotoa namba, siyo lile la "kiazi kimelegea, kiazi kimekuwa kigumu".
Mwalimu, Kigoma vijijini

JIBU: Mwalimu, viazi hivyohivyo vinatosha, ukivitendea kwa uangalifu.

Andaa vyombo vitano. Pima sukari gramu 0, 17, 34, 51 na 68, kila moja iyeyushe katika maji kidogo kisha jaza hadi mililita 250. Hapo unapata myeyuko wa moli 0, 0.2, 0.4, 0.6 na 0.8 kwa lita. Usiweke sukari juu ya mililita 250 kamili, kwa sababu ujazo utazidi na moli zako zitadanganya. Mizani ikikosekana shuleni, waulize wenye duka.

Menya kiazi kimoja kikubwa, kisibaki ganda hata kidogo, kwa sababu ganda huzuia maji. Kata vipande vya mche wa sentimita 1 kwa 1, urefu sentimita 5, vitatu kwa kila chombo. Vyote vitoke kwenye kiazi kimoja kama inawezekana. Vifute kwa kitambaa, pima uzito au urefu kwa milimita, vitumbukize vizame. Saa moja inatosha kuona mwelekeo, saa mbili zinatoa namba nzuri zaidi. Vitoe, vifute kwa namna ileile, pima tena. Kufuta ndiko kunakoharibu matokeo mara nyingi: mwanafunzi mmoja anagusa tu, mwingine anakamua kama nguo.

Kokotoeni badiliko kwa asilimia, siyo kwa gramu, kisha chora grafu yake dhidi ya moli za sukari, zikiongezeka kwenda kulia. Mahali mstari unapokata sifuri ndipo ukali wa nje umelingana na wa ndani ya seli. Kwa viazi huwa mara nyingi kati ya 0.2 na 0.4. Kiazi kilichochipua huweza kuupeleka mstari kulia, maana wanga wake umeanza kuwa sukari.

Ongeza kipande cha kiazi kilichochemshwa dakika 10. Kwenye maji matupu hakitakaza kama kile kibichi, kwa sababu joto limeharibu tando. Zoezi zima linasimama juu ya kipande hicho, na ajabu ni kwamba shule nyingi hukiruka.

Kama kuna hadubini hata moja, chukua ngozi nyembamba ya kitunguu chekundu, upande wenye rangi. Iweke kwenye tone la maji, itazame kwa ukuzaji wa mara 100. Kisha pitisha chini ya kifuniko myeyuko wa chumvi gramu 5 kwa mililita 100, ukiunyonya kwa karatasi upande wa pili. Ndani ya dakika chache zambarau inajikunja katikati na ukuta unabaki peke yake. Hapo mwanafunzi hatachanganya tena ukuta na utando. Rudisha maji taratibu. Ukiharakisha, baadhi ya seli zitapasuka.

SWALI: Asali haiozi, nasikia, lakini ndoo yangu imetoa povu na harufu ya pombe. Nimeuziwa feki?
Mfugaji nyuki anayeanza, Sikonge

JIBU: Siyo lazima. Asali huhifadhika kwa kuwa sukari yake ni nyingi mno hivi kwamba bakteria wakiingia wananyang'anywa maji. Lakini kuna hamira za porini zinazovumilia ukali huo. Hutengeneza gliseroli ndani ya seli zao ili maji yasitoke. Maji ya asali yakibaki chini ya asilimia 18 nazo zinalala. Yakipita 20, zinaamka na kuanza kutengeneza pombe.

Huenda ulirina masega ambayo nyuki hawajayafunika kwa nta, au ndoo ilikaa wazi na asali ikanyonya unyevu wa hewa, jambo inalolifanya upesi msimu wa mvua. Rina masega yaliyofunikwa angalau robo tatu, usikamue siku ya mvua, tumia ndoo kavu yenye mfuniko wa kubana. Hiyo iliyokwisha kutoa povu usiichanganye na nzuri hata kijiko, kwa sababu utakuwa umezihamisha hamira.